Vipele Kichwani mwa Kuku: Ni Ndui au Viroboto?

Ukitaka kujua hali ya nyumba ya mkulima, chungulia banda lake la kuku. Daftari la mtoto, sabuni, chumvi, hata nauli ya kwenda hospitali, mara nyingi hutoka kwa tetea mmoja aliyefungwa miguu na kupelekwa sokoni. Basi kuku kumi wakifa, hasara yake si ya kitoweo peke yake.

Kule Msowero, katika njia ya Dumila kwenda Kilosa, mvua zikinyesha maji hutuama katika majaruba ya mpunga, na mbu huzaana kwa wingi. Siku hizo yafaa kila mwenye kuku awatazame kichwani.

Mshike kuku, mtazame

Ukiona vidoa vyeusi vidogo kama mbegu za mchicha, vimeng'ang'ania upanga na kuzunguka macho, gusa kwa ukucha. Kama vina miguu, hao ni viroboto. Hunyonya damu, na vifaranga waweza kufa kwa kuishiwa damu. Wapake mafuta ya mgando mahali walipoganda, watakosa hewa wafe. Lakini usiyatie machoni. Kisha fagia banda lote, choma takataka, unyunyize dawa ya unga ya wadudu kutoka duka la dawa za mifugo, maana watoto wa viroboto hukaa vumbini.

Ukiona vipele vigumu vinavyopanda kama sugu, kwanza vyeupe au vya manjano, kisha vya kahawia na magamba, hiyo ni ndui ya kuku. Hukaa mahali pasipo manyoya: upanga, ndevu, kope na pembeni mwa mdomo. Iko ndui nyingine iliyo mbaya zaidi, ya ndani ya kinywa. Fungua mdomo wa kuku: ukiona utando wa manjano kooni, naye ahema kwa shida, hali yake ni ya hatari.

Miguu ikivimba na magamba yake kuinuka kama yamepakwa chokaa, huo ni utitiri. Osha kwa sabuni, paka mafuta kila baada ya siku mbili au tatu, kwa majuma kadhaa.

Usichanganye ndui na kideri. Kideri huua kuku wengi kwa siku chache, pamoja na kuharisha kijani na kupinda shingo. Ndui huenda polepole, kuku mmoja leo, mwingine juma lijalo.

Wembe si dawa

Wako watu wanaobandua vipele vya ndui kwa wembe. Wanajiletea hasara. Ndui huingia kwa kidonda na kwa kuumwa na mbu, na magamba yaliyoanguka huweza kutunza ugonjwa bandani kwa miezi mingi. Kila gamba unalobandua ni mbegu unayoipanda.

Dawa ya kuua ndui yenyewe hakuna. Lakini kuku wengi hupona wenyewe kwa majuma 2 hadi 4, wakitunzwa. Fanya hivi:

1. Mtenge mgonjwa, mbali na wenzake.

2. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yaache yapoe. Osha macho taratibu kwa kitambaa safi. Kuku wengi wa ndui hufa njaa kwa kuwa hawaoni chakula. Basi mlishe na kumnywesha kwa mkono.

3. Paka vipele dawa ya iodini, lakini si karibu na jicho.

4. Mpe mchicha na majani mabichi.

5. Vidonda vikitunga usaha, mwone bwana mifugo akupe dawa ya kuzuia vijidudu. Akikupa, shika siku alizokuambia kabla ya kula mayai au nyama yake.

Usiogope kwa ajili ya watoto. Ndui ya kuku haiwashiki watu. Siyo ile ndui ya wanadamu ambayo Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 1980 kuwa imekwisha duniani, wala siyo tetekuwanga.

Kinga

Kinga ni chanjo. Bwana mifugo huchovya sindano yenye ncha mbili, akatoboa utando wa bawa. Siku ya 7 hadi ya 10 tazama hapo: pakiwa na uvimbe mdogo, chanjo imeshika. Chupa moja hutosha kuku wengi, na ikishachanganywa haikai. Kwa hiyo majirani wachangie pamoja, wakubaliane siku moja. Mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, walitoa habari za majaribio ya chanjo ya ndui inayostahimili joto, waliyowalisha kuku pamoja na mchele uliopakwa mafuta, nayo iliwakinga. Lakini kumbuka, chanjo ya ndui haizuii kideri. Kideri ina chanjo yake, tone moja la jicho kila miezi 3.

Tena mwaga maji ya vifuu na makopo yaliyo karibu na banda, maana humo ndimo mbu wazaliwamo.

Basi jioni ya leo, kuku wakiingia kulala, chukua taa, washike mmoja mmoja, tazama upanga, macho, kinywa na miguu. Kazi hiyo haina gharama, nayo yaweza kuokoa ada ya shule.