Shoka Kuukuu, Mpini Mpya

Wahenga walinena: shoka lisilo mpini halichanji kuni. Kitale na Bungoma, ambako nyumba nyingi bado hupikia kuni, chuma alichoacha babu hakitupwi. Hutiwa mpini mpya.

Mti mbichi haufai: ukikauka hunywea, na shoka huchomoka likamrukia mtu. Kipande kilichovunjikia ndani kigongwe kitoke. Ukilitia shoka motoni, chuma hupoteza ugumu na makali hayakai. Nyuzi za mti zifuate urefu wa mpini, kisha pigilia kabari kavu.

Wako wanaolichovya majini ili mti uvimbe ukaze. Hiyo ni dawa ya siku moja; likikauka hulegea kupita kwanza. Mafundi wetu wa majahazi, waishio kwa shoka na tezo, hawatabisha.