Je, Wajua? Ndevu Kidevuni mwa Mwanamke

Je, wajua kwamba Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa katika kila wanawake 100 walio kwenye umri wa kuzaa, 6 hadi 13 wana PCOS (polycystic ovary syndrome), yaani ugonjwa wa ovari zenye vivimbe vingi? Ni hali ya homoni inayovuruga hedhi, kuchelewesha ujauzito na kuotesha ndevu. Kwa hesabu hiyo, katika wanawake 100 wanaopita siku moja kwenye barabara ya Dumila kwenda Kilosa pale Msowero, mkoani Morogoro, wamo kadhaa. WHO inasema pia kwamba hadi 70 kati ya 100 wenye hali hii duniani hawajawahi kuambiwa wanayo. Wanachojua ni wembe wa alfajiri, mume akiwa bado amelala.

Je, wajua kwamba “vivimbe” vinavyotajwa kwenye jina la ugonjwa huu si uvimbe hata kidogo? Ni vifuko vya mayai yaliyoanza kukua kwenye ovari yakaishia njiani. Havihitaji kupasuliwa.

Na je, wajua kwamba ultrasaundi si lazima kwa kila mtu? Vigezo vilivyokubaliwa Rotterdam mwaka 2003 vinataka mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili za homoni za kiume kuzidi, na ovari zenye vifuko vingi. Dada anayekaa miezi miwili au mitatu bila kuona siku zake, na ana ndevu, tayari ana mawili. Kinachobaki ni mtabibu kuhakikisha hakuna ugonjwa mwingine unaoleta dalili kama hizo. Kwa mwanamke wa kijijini hili ni jambo kubwa, maana kipimo cha kwanza ni maswali mazuri ya mhudumu wa afya, na maswali hayahitaji umeme.

Walioiandika PCOS kwa mara ya kwanza kama ugonjwa unaojitegemea ni madaktari Stein na Leventhal wa Chicago, mwaka 1935. Wagonjwa wao walikuwa 7 tu. Kwetu, Andrea Pembe na Muzdalifat Abeid walichapisha mwaka 2009 utafiti kuhusu wanawake wa Tanzania waliokuwa wakihangaikia kupata mtoto, wakaonyesha kwamba hali hii ipo sana miongoni mwao. Si ugonjwa wa Wazungu.

Je, wajua ndevu hizo zinatoka wapi? Kila mwanamke ana homoni za kiume kidogo, zinazoitwa androjeni. Kwenye PCOS mara nyingi insulini huwa nyingi mwilini, nayo huzichochea ovari zitoe androjeni zaidi. Wakati huohuo huzuia ini lisitengeneze vya kutosha protini inayoifunga testosteroni, mojawapo ya androjeni hizo, kwenye damu. Testosteroni iliyo huru hufika kwenye shina la unywele, na malaika laini ya kidevuni ikawa unywele mweusi, mgumu. Ukishabadilika hivyo haurudi kuwa malaika wenyewe, hata homoni zikitulia. Kwa hiyo tiba ina mikono miwili: mmoja unazuia nywele mpya, mwingine unaondoa zilizopo.

Wapo wanaoambiwa wana jini mahaba. Wapo wanaoambiwa ndevu ni bahati ya fedha. Maneno yote mawili, la kutisha na la kusifu, humchelewesha mtu kufika kliniki, nami naona la kusifu ndilo linalochelewesha zaidi kwa sababu halina uchungu.

Je, wajua kwamba kunyoa hakuongezi ndevu? Mwaka 1928 mwanasayansi wa Marekani, Mildred Trotter, aliwapima wanaume waliokuwa wakinyoa. Nywele hazikuota haraka zaidi wala hazikunenepa. Ncha ya unywele wa asili ni nyembamba, na wembe huikata ikabaki butu. Vidole ndivyo vinavyodanganyika. Mama, shangazi, mwambieni binti: wembe si dhambi wala haumgeuzi mwanaume.

Lakini wembe una adabu zake. Lowesha ngozi kwa maji ya uvuguvugu, paka povu, nyoa kuelekea unywele unakolala, na usiuvute mara mbili mbili. Wembe wa mtu ni wa mtu, kwa sababu homa ya ini na virusi vya UKIMWI havichagui kama wembe ulitumika kwapani au kidevuni. Nywele zetu zilizojikunja hupenda kurudi ndani ya ngozi zikikatwa chini sana, zikaacha vipele na mabaka meusi. Kibano, uzi na nta huweza kufanya hivyohivyo. Mwenye ngozi inayofanya makovu ya kuvimba aachane na kung'oa, na asitumbue vipele.

Hapo ndipo mkorogo unapoingia, na hapa naomba usome polepole. Dada anaona mabaka, ananunua krimu ya kung'arisha uso. Nyingi zina zebaki, haidrokwinoni au dawa kali za steroidi. Steroidi hizo zikipakwa muda mrefu huchubua ngozi, huleta chunusi, na zinaweza kuotesha nywele usoni. Yaani anapaka kwa pesa yake tatizo lilelile analolikimbia.

Je, wajua kwamba krimu moja ya kupunguza kasi ya ndevu za wanawake ilikuwa kwanza dawa ya malale? Inaitwa eflornithini. Ilitafutwa kwa ajili ya saratani, ikaja kuonekana kwamba inawaamsha wagonjwa wa malale waliokuwa ukingoni, na mwaka 1990 Marekani ikaiidhinisha kwa ugonjwa huo. Wagonjwa walikuwa maskini wa Kongo, Sudan na kaskazini-magharibi ya Uganda. Haikuwa na faida, utengenezaji ukasimama. Mwaka 2000 ikarudi kama krimu ya uso kwa wanawake wa Marekani. Madaktari Wasio na Mipaka na wengine wakapaza sauti, na mwaka 2001 kampuni ya Aventis ikakubaliana na WHO kuitoa bure kwa wagonjwa wa malale. Msomaji wa Mikumi, unayewajua mbung'o wanaoeneza malale, elewa kwamba dawa hiyo haitibu malale ya aina inayopatikana Tanzania. Na kwenye kidevu haing'oi kitu: huchelewesha tu ukuaji, na ukiiacha, ndevu hurudi ndani ya wiki chache.

Je, wajua kwamba dawa ya kwanza ya ndevu za PCOS inatolewa bure kwenye kliniki ya uzazi wa mpango? Ni vidonge vyenye homoni mbili. Hutuliza ovari na kuongeza ile protini inayoifunga testosteroni. Sindano ya miezi mitatu na vijiti vina homoni moja tu, havifanyi kazi hiyo. Vidonge havimfai kila mtu: mwenye shinikizo la damu, aliyewahi kuganda damu au anayenyonyesha mtoto mchanga aseme mapema. Dawa iitwayo spironolaktoni huongezwa baadaye na daktari, na haimezwi bila uzazi wa mpango madhubuti kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Dawa ya metfomini husaidia sukari na hedhi. Kwa ndevu msaada wake ni mdogo.

Leza? Ndiyo, ila uliza mashine. Leza hufuata weusi, na kwenye ngozi yetu weusi uko kwenye unywele na kwenye ngozi pia. Inayofaa ngozi nyeusi ni ya Nd:YAG, yenye mawimbi marefu ya nanomita 1064. Nyingine zinaweza kuunguza. Kama mhudumu wa saluni hawezi kukuambia mashine yake ni ya aina gani, ondoka na uso wako.

Kutoka Msowero, anza zahanati, kisha Hospitali ya Wilaya Kilosa. Walio upande wa Mikumi wana Hospitali ya Mtakatifu Kizito. Juu ya hizo ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro. Ndevu zikija ghafla ndani ya miezi michache, sauti ikawa nzito, misuli ikatanuka au kinembe kikakua, usisubiri: huenda ni uvimbe kwenye ovari au tezi zilizo juu ya figo.

Siku utakayofika kliniki, omba pia upimwe sukari na shinikizo la damu, kwa kuwa PCOS huongeza hatari ya kisukari, hata kwa mwembamba. Na kama umeanza vidonge wakati wa kupanda mahindi, usihukumu kidevu chako kabla ya mahindi kuingia ghalani. Unywele una mzunguko wake, na tiba huhitaji miezi isiyopungua 6 kuonekana.