Ushahidi Ule Ule, Hukumu Nyingine

Dereva wa teksi aliieleza mahakama kwamba abiria wake wa alfajiri ile alimwomba asimwambie mtu kuwa amembeba. Mshtakiwa, Clarence Earl Gideon, alikuwa akijitetea mwenyewe, na hakumuuliza dereva chochote kuhusu maneno hayo. Yakabaki hivyo hivyo masikioni mwa wasikilizaji, mazito kama ungamo la mwizi.

Ilikuwa Agosti 4, 1961, mjini Panama City, jimbo la Florida. Gideon, mzungu fukara aliyekwisha kuionja jela mara kadhaa, alishtakiwa kwa kuvunja ukumbi wa biliadi na kuiba vinywaji na sarafu za kwenye mashine. Aliomba apewe wakili. Jaji akamjibu kwamba sheria ya Florida ilimpa wakili wa bure yule tu anayekabiliwa na adhabu ya kifo. Akahukumiwa kifungo cha miaka 5.

Kutoka gerezani aliiandikia Mahakama ya Juu, Washington, kwa penseli, kwenye karatasi za gereza. Tahajia ilikuwa mbovu, hoja ilikuwa moja: nilinyimwa wakili. Majaji wakalipokea ombi lake, wakamteulia Abe Fortas, mmoja wa mawakili wenye jina kubwa mjini humo. Fortas aliwakumbusha kwamba hata Clarence Darrow, bingwa wa kesi za jinai, aliposhtakiwa yeye alitafuta wakili. Mganga hajigangi. Machi 18, 1963, majaji wote 9 walikubaliana: mshtakiwa wa kosa kubwa la jinai asiye na fedha lazima apewe wakili na serikali. Hukumu iliandikwa na Hugo Black, ambaye mwaka 1942 wenzake walimshinda kwa kura katika kesi ya aina hiyo hiyo. Alisubiri miaka 21.

Simulizi nyingi huishia hapo, kwenye ushindi wa Washington. Lakini uamuzi ule haukumwachia huru Gideon. Ulimrudisha kusikilizwa upya. Utamu wa kesi, kwa maoni yangu, uko huko.

Agosti 5, 1963, alisimama mbele ya jaji yule yule wa Panama City. Safari hii alikuwa na Fred Turner, wakili wa hapo hapo mjini, aliyemtaka mwenyewe baada ya kuwakataa mawakili waliotoka Miami. Shahidi mkuu, kijana aliyedai kumwona Gideon akitoka ukumbini, alibanwa: wewe ulikuwa unafanya nini pale alfajiri? Turner akadokeza kwamba huenda kijana ndiye aliyekuwa akiwalindia wezi wa kweli. Ikafika zamu ya dereva wa teksi. Je, Gideon aliwahi kukuomba siri kama hiyo siku nyingine? Ndiyo, aliwahi. Kwa nini? Alikuwa na ugomvi na mkewe. Na siku ile alibeba chupa yoyote? Hakubeba.

Swali ambalo Gideon hakujua kuliuliza lilikuwa limemgharimu miaka 2. Jopo la raia 6 lilitoka, na baada ya saa moja hivi likarudi: hana hatia. Florida ilianzisha ofisi za mawakili wa umma mwaka huo huo.

Hata hivyo haki hiyo ina mpaka. Ni ya kesi za jinai. Mahakama za uhamiaji za Marekani huhesabiwa kuwa za madai, hivyo mgeni anayetakiwa kufukuzwa nchini anaruhusiwa kuwa na wakili, lakini kwa kawaida serikali haimlipii. Msomaji mwenye ndugu huko, mweleze mapema: akipata wito wa mahakama hiyo, asisubiri kupewa wakili. Aanze kumtafuta siku ile ile.