Wanakuonyesha Kuweka, Hawakuonyeshi Kutoa

Mimi ni wakala wa pesa za simu Buguruni, Dar es Salaam. Kazi yangu ni kuweka na kutoa, na mteja mzoefu akifika kibandani huulizia hilo la pili kwanza: "Mama, keshi ipo? Nataka kutoa laki tatu." Kuweka hakujawahi kumshinda mtu. Huduma ya fedha hupimwa siku unapokitaka chako.

Kwa kipimo hicho ninayatazama matangazo ya programu za sarafu za kidijitali, kwa sababu wateja huniletea wakiwa wameninyooshea simu. Tangazo linamwonyesha kijana anajisajili, anachagua kiasi, anabonyeza, namba za kijani zinapanda. Sijaona hata moja linalomfuata mtu akitoa pesa mpaka mwisho: ada shilingi ngapi, inachukua siku ngapi, inaingia kwenye laini gani.

Sarafu zenyewe zipo. Bitcoin ipo tangu 2009, na katika nchi nyingi watu huinunua na kuiuza bila kuvunja sheria. Ninachokisema hapa ni namna mtu anavyosukumwa aingie.

Kijana mmoja wa bodaboda alikuja mbio saa tano na nusu usiku. "Mama, niwekee laki mbili kwenye hii namba, bonasi inaisha saa sita!" Kwenye kioo cha simu yake dakika zilikuwa zinahesabu kurudi nyuma. Nikaingiza namba, likatokea jina la mtu binafsi.

"Mwanangu, kampuni gani hii yenye jina la mtu?"

"Ni ajenti wao, mama. Kila siku wanatoa namba mpya."

Nikamwomba tusubiri. Saa sita ikafika, dakika zikaisha, kisha ile saa ikaanza kuhesabu upya tangu mwanzo, bonasi ileile. Ofa haikuwa na mwisho wowote. Ile saa iliwekwa ili asipate muda wa kumuuliza mtu.

Akanionyesha pia kundi la WhatsApp lililomshawishi, limejaa picha za ujumbe wa "Umepokea". Mimi nasoma ujumbe wa miamala kutwa nzima, na najua kila muamala una namba yake. Pale watu wawili tofauti walikuwa na namba moja ya muamala. Mtu mmoja alikaa akazitengeneza zile picha, na chini yake mamia wakaandika "hongera".

Lakini kilichomvuta kuliko vyote ni binamu yake, aliyemtumia mwaliko, naye angelipwa kwa kila atakayeingia. Hapa ndipo ninapoumia. Kwetu neno la ndugu ni dhamana. Mtu hawezi kumdai binamu yake leseni. Anayeunda mpango wa namna hii anajua hivyo, na anainunua ile imani kwa bonasi ndogo. Uingereza, tangu tarehe 8 Oktoba 2023, mamlaka inayosimamia masoko ya fedha imepiga marufuku bonasi za kumwalika rafiki katika biashara hii, na mnunuzi mpya lazima asubiri saa 24 kabla ya kukamilisha. Walitunga kanuni hizo kwa sababu haraka na mwaliko ndizo silaha zenyewe.

Majina makubwa nayo hununuliwa. Mwaka 2021 nyota wa Marekani Kim Kardashian aliwasifia wafuasi wake wa Instagram sarafu ya EthereumMax bila kusema kwamba alilipwa dola 250,000 kwa kufanya hivyo. Mwaka uliofuata alikubali kulipa dola milioni 1.26 ili kumaliza shauri la tume ya masoko ya mitaji ya Marekani. Msanii anayekunadia programu yuko kazini, na malipo yake ameshachukua.

Mbinu ninayoiona ya hatari zaidi ni ile inayoligeuza swali lako kuwa aibu. Februari 2022, wakati wa fainali kubwa ya mpira wa Kimarekani, FTX, kampuni ya kununua na kuuza sarafu hizi, ilirusha tangazo la mchekeshaji Larry David. Anaonekana akilikataa gurudumu lilipobuniwa, anakataa choo, anakataa taa ya umeme, na mwisho anaikataa FTX. Mtazamaji anacheka, huku akifundishwa kwamba mwenye kusita ni mjinga wa zama zote. Novemba mwaka uleule FTX ilifilisika, na wateja wakakuta hawawezi kutoa pesa zao. Yule aliyesita ndiye aliyekuwa salama. Maneno hayohayo nayasikia kwa Kiswahili kibandani: "Mama, dunia inakuacha." Mtu anayeuza kitu halali hana sababu ya kumtukana anayeuliza.

Dada wa mbinu hiyo ni kukuchagulia adui. Alex Mashinsky, mwanzilishi wa Celsius, kampuni iliyopokea amana za sarafu hizi, alivaa fulana zenye maandishi kwamba benki si rafiki zako, na kampuni yake ilitangaza riba iliyofika asilimia 17 kwa mwaka. Hoja iliwaingia watu, maana nani hajakatwa makato asiyoyaelewa? Ila ubaya wa benki hauthibitishi uzuri wa anayeisema. Tarehe 12 Juni 2022 Celsius ilifunga utoaji. Mei 2025 Mashinsky alihukumiwa kifungo cha miaka 12.

Ukiahidiwa faida ya kila siku, chukua kikokotoo. Asilimia moja kwa siku, ikiachwa ijizalishe mwaka mzima, inaigeuza laki moja kuwa zaidi ya milioni tatu na laki saba. Mpango wa sarafu wa BitConnect ulivuta watu kwa faida za kiwango hicho, na Januari 2018 ukafungwa. Hakuna duka, shamba wala benki inayoweza kulipa hivyo. Pesa ya namna hiyo hutoka kwa walioingia nyuma yako.

Zawadi ya bure nayo iulizwe bei yake. Agosti 2023 Wakenya walijazana kwenye jengo la mikutano la KICC jijini Nairobi ili mradi wa sarafu wa Worldcoin upige picha mboni za macho yao, wapewe sarafu zilizokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000 za Kenya. Serikali ilisimamisha zoezi hilo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa zile za miili ya watu zifutwe.

Kwetu, Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba sarafu hizi hazitambuliki kisheria nchini. Ukitapeliwa, basi, usitegemee fidia ya benki. Kwa hiyo nakuomba: kabla ya kuweka kikubwa, weka kidogo kisha ukitoe chote. Hata kikitoka usiridhike, kwani matapeli wengi huruhusu kiasi cha kwanza kitoke ili urudi na kikubwa. Na siku programu itakapokuambia ulipe kodi au ada ndipo ufunguliwe pesa zako, usilipe hata senti. Nenda polisi na namba za miamala, na siku hiyohiyo wapigie simu wote uliowaalika.