Maji ya Mzima Ndani ya Tangi la Samaki

Mkaazi wa Voi anayeanza kufuga samaki wa mapambo nyumbani huuliza kwanza atie dawa gani. Mimi humuuliza maji yake yanatoka wapi, maana hapo ndipo dozi inapoanzia.

Ukifungua mfereji mjini Voi, mara nyingi unapata maji ya chemchemi za Mzima, yaletwayo na bomba lililojengwa miaka ya 1950 kupeleka maji Mombasa. Yalianza kama mvua kwenye vilima vya Chyulu, yakazama katika majivu na mawe ya volkano, yakasafiri chini ya ardhi huku yakiyeyusha madini. Angalia ndani ya birika lako. Ukikuta ukoko mweupe umegandamana chini, hiyo ni chokaa, na maji yako yana akiba nzuri ya bikaboneti. Sasa panda Wundanyi. Milima ya Taita ni mawe makongwe yasiyoyeyuka upesi, na maji ya vijito vyake kwa kawaida huwa laini.

Tofauti hiyo ni kubwa kwa samaki. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na bakteria wanaoishi kwenye changarawe na sifongo ya kichujio huigeuza kuwa nitraiti, kisha nitreti. Kazi hiyo hula bikaboneti: kila miligramu 1 ya naitrojeni ya amonia huondoa karibu miligramu 7 za akiba, ikihesabiwa kama chokaa. Katika maji laini akiba huisha, pH huporomoka, na bakteria hulegea kazi. Hapo soda ya kuokea ina maana. Kijiko kimoja cha chai, yaani gramu 5 hivi, katika lita 100 hupandisha akiba kwa takriban miligramu 30 kwa lita. Ikoroge kwanza kwenye kikombe, imimine taratibu, kisha pima kesho yake kabla ya kuongeza.

Kwa maji yenye chokaa usifuate mkumbo huo. pH ikipanda, amonia ile ile inakuwa kali zaidi. Kwenye joto la nyuzi 28, ambalo si geni Voi, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1 pH ikiwa 7. Ikifika 8 ni kama asilimia 6.5, na 8.5 inakaribia 18. Kwa hiyo kipimo cha amonia kisomwe pamoja na pH na joto. Kikiwa kibaya, punguza chakula na ubadilishe robo ya maji. Nimeona watu wakitia chupa baada ya chupa hali dawa ilikuwa ndoo.

Klorini nayo inahitaji uangalifu. Kiasi kinachotukinga sisi na kipindupindu huunguza matamvua. Acha maji kwenye ndoo wazi siku moja au mbili, pampu ya hewa ikivuma ndani. Mwenye haraka atumie thiosalfeti ya sodiamu: yeyusha gramu 10 katika lita moja ya maji, halafu mililita 35 za mchanganyiko huo zitatosha lita 100 zenye klorini ya miligramu 0.5 kwa lita.

Kosa linaloua samaki polepole ni lile la kujazia. Voi ni kukavu, tangi linashuka kila siku, na kinachopaa ni maji matupu huku madini yakibaki. Ukijazia kwa maji ya mfereji, unaongeza chumvi juu ya chumvi. Jazia kwa maji ya mvua, ila yaache ya kwanza yaoshe vumbi la mabati, wala usiyahifadhi kwenye tangi jipya la saruji, kwa sababu saruji hutoa chokaa na kupandisha pH.

Kwa mwenye tangi la maji ya bahari, kujazia kwa maji yasiyo na chumvi ni lazima, ili chumvi ibaki karibu na gramu 35 kwa lita. Na kama ana matumbawe, ndipo dozi ya kila siku inapostahili jina lake: yakijenga mifupa hunyonya takriban miligramu 20 za kalisi kwa kila miligramu 50 za akiba, hivyo viwili hivyo vinarudishwa pamoja, kwa uwiano huo huo.