Thierry Michel, mtoto wa inchi ya makaa: kamera yake mu migodi yetu

Kama ulikuwa Likasi, Kolwezi ao Lubumbashi kati ya 2007 na 2009, unakumbuka ile wakati. Bei ya mukuba ilipanda sana, kiisha mwisho wa 2008 ikaanguka. Wachina walikuwa wanakuja, Wakanada nao walikuwa wanakuja. Ba-creuseur walikuwa wanafukuzwa mu ba-carrière walimokuwa wanatafutia chakula cha watoto. Na wale wafanyakazi wa Gécamines, zaidi ya 10.000, waliotolewa mu 2003 kwa jina la « départ volontaire », wengi walikuwa wangali wanalia juu ya feza yao.

Mu katikati ya hayo yote kulikuwa muzungu moja na kamera yake. Anaitwa Thierry Michel, Mubelgiji. Filime aliyotoa mu 2009 inaitwa Katanga Business. Ndani yake unaona gouverneur wa ile wakati, Moïse Katumbi. Unaona Paul Fortin, Mkanada aliyeongoza Gécamines. Unaona George Forrest. Unaona wakubwa wa Kichina. Na unaona pia mchimbaji wa mkono, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Michel aliweka ofisi ya mukubwa na shimo la creuseur mu filime moja. Kiisha anakuachia wewe mwenyewe ujiulize: huu utajiri ni wa nani?

Kwao pia kulikuwa mashimo

Juu ya nini Mubelgiji ajisumbue na mambo ya migodi yetu? Jibu liko kule alikozaliwa. Michel alizaliwa mu 1952 Charleroi, upande wa Ubelgiji unaoitwa « Pays noir », inchi nyeusi, juu ya makaa ya mawe. Tarehe 8 août 1956, akiwa angali mtoto mudogo, moto uliwaka ndani ya mgodi wa Bois du Cazier, pale Marcinelle, karibu na Charleroi. Watu 262 walikufa chini ya udongo. 136 kati yao walikuwa Waitaliano waliotoka mbali kutafuta mushahara, sawa vile babu zetu wengi walivyotoka Kasai, Rwanda na Rhodésie du Nord kuja kufanya kazi kwa Union Minière.

Kwa hiyo, mbele ya kujua Kolwezi, alikuwa anajua tayari harufu ya mgodi. Filime zake za kwanza zilikuwa juu ya watu wa makaa na wa chuma: Pays noir, pays rouge, kiisha Chronique des saisons d'acier. Mu 1982 alitoa Hiver 60, juu ya mugomo mukubwa uliosimamisha kazi Ubelgiji mwisho wa 1960 na mwanzo wa 1961. Ile wakati serikali yao ilitaka wananchi wakaze mukaba, na kati ya sababu zilizotajwa kulikuwa kwamba Congo imeondoka mu mikono yao. Kumbe hata uhuru wetu ulifika mpaka mu sahani ya mfanyakazi wa Charleroi!

Picha za Mobutu zinamgeukia Mobutu

Mu 1992 alitoa Zaïre, le cycle du serpent, juu ya inchi yetu wakati utawala wa Mobutu ulikuwa unaanza kuoza: tajiri anakula, maskini anaangalia. Lakini filime iliyojulisha jina lake sana ni Mobutu, roi du Zaïre, ya 1999.

Wazee wanakumbuka: kila jioni kwenye televisheni ya Leta, uso wa Mobutu ulikuwa unashuka kutoka mawinguni. Mobutu alipenda kamera, na kamera zilimpiga picha zaidi ya miaka 30. Michel alikusanya zile picha za zamani, akaziunga na maneno ya watu waliokuwa karibu na mukubwa. Picha zilizotengenezwa kwa kumusifu Mobutu njo zilizokuja kutoa ushahidi juu yake. Hapa njo nguvu ya kazi ya huyu mtu: mukubwa anapita, lakini picha inabaki, na siku moja inasema.

Filime inagusa moto

Kazi ya namna hii haikosi matata. Mu juin 2010, Floribert Chebeya, kiongozi wa La Voix des Sans-Voix, aliitwa kwa polisi Kinshasa. Kesho yake alikutwa amekufa ndani ya motokari yake. Dereva wake, Fidèle Bazana, alipotea. Michel alifuata kesi yao, akatoa filime mu 2012. Mu juillet ya ule mwaka alifika uwanja wa ndege wa N'Djili na visa mu mukono. Alirudishwa kwao bila kuingia muji. Lakini hadisi haikuzimika: mu 2022, miaka 12 nyuma ya kile kifo, mahakama kuu ya kijeshi ilitoa hukumu ingine juu ya maofisa wa polisi.

Mu 2015 alitoa L'homme qui répare les femmes, pamoja na mwandishi Colette Braeckman, juu ya munganga Denis Mukwege wa Panzi. Mu septembre serikali iliikataza, ikisema inachafua jina la jeshi na tena maneno ya washahidi yametafsiriwa vibaya. Mu octobre ikaruhusiwa. Miaka 3 nyuma, Mukwege akapewa Prix Nobel ya amani.

Nani anatuhadisia?

Kuko wanaouliza, na wana haki ya kuuliza: mpaka lini Mubelgiji atakuwa anatuhadisia sisi wenyewe? Jibu limeanza kuonekana. Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani, mu 2020 alitoa En route pour le milliard, juu ya watu walioumizwa mu vita ya siku sita, waliosafiri mpaka Kinshasa kudai haki yao. Hii filime ilichaguliwa kwa Cannes. Sasa tunangojea mtoto wa Musonoi ao wa Kipushi ashike kamera na aonyeshe mgodi kama vile baba yake anavyoujua.

Michel mwenyewe alirudi kwao. Mu 2017, pamoja na Pascal Colson, alitoa Enfants du hasard, juu ya darasa moja la watoto pale Cheratte, karibu na Liège. Mgodi wa Cheratte ulifungwa mu 1977. Watoto wa lile darasa, wengi ni wajukuu wa Waturuki walioletwa kuchimba makaa. Makaa yalibaki chini, société iliondoka, watu wakabaki. Mwalimu anawauliza babu zao walikuwa nani, na wao wanataka kuwa nani.

Siku moja madini ya hapa kwetu nayo yatakwisha. Mu darasa la Kolwezi kutakuwa mwalimu na wajukuu wa ba-creuseur. Na wao watauliza. Ni vizuri wakute kuko picha.