Kinundu cha kidole gumba cha mguu: kubadili viatu au kupasuliwa?

Mama anayeamka saa kumi alfajiri kuchoma vitumbua Mbagala, akasimama kwenye jiko hadi saa tatu, kisha akapanda daladala kwenda sokoni Tandika, hana nafasi ya kuiwaza miguu yake. Huikumbuka jioni anapovua viatu. Ubavuni mwa mguu, kwenye shina la kidole gumba, kuna kinundu kinachong'aa, chenye joto, kinachouma kikiguswa. Kidole chenyewe kimeanza kulala kuelekea vidole vingine. Jirani anamwambia akakatwe. Mwingine anamwambia aliyekatwa hatembei tena.

Makala hii ni ya mama huyo. Ni yako pia kama unamlea mtu mwenye tatizo hilo, awe bibi aliyeanza kukataa kutoka nje au binti wa sekondari anayevua viatu vya shule kila akipata nafasi.

Kinundu hiki ni nini hasa?

Wengi hudhani ni mfupa mpya umeota. Si hivyo. Mfupa mrefu ulio nyuma ya kidole gumba unasogea taratibu kuelekea upande wa mguu wa pili, na kidole gumba kinalala upande wa kinyume, kwenye vidole vidogo. Kiungo kinachoviunganisha kinabaki kimejitokeza nje, kama kiwiko unapokunja mkono. Kwa hiyo kinachosuguana na kiatu ni kichwa cha mfupa uleule uliozaliwa nao. Ngozi ya juu yake inakuwa ngumu, na kifuko kidogo cha majimaji kilicho chini ya ngozi kinavimba. Maumivu mengi hutoka hapo. Kwenye cheti daktari anaweza kuandika jina la Kilatini, hallux valgus. Ni kitu kilekile.

Ukishaelewa hilo, utaona kwa nini kukanda kwa maji ya moto kunaweza kutuliza maumivu lakini hakurudishi kidole mahali pake. Utaona pia kwa nini mtu anayejitolea kukivuta kidole "kinyooke" asikiguse, na kwa nini kuchanja au kupaka dawa ya kuunguza ngozi kunaongeza kidonda juu ya tatizo.

Kuna kuchanganya kunakotokea mara nyingi. Jongo nalo hupenda kiungo hichohicho, na mtu mwenye kinundu huambiwa aache nyama nyekundu, anaiacha miezi sita, na mguu uko vilevile. Jongo huja ghafla, mara nyingi usiku, kiungo kikavimba na kuuma hata shuka likigusa, halafu baada ya siku kadhaa kikatulia. Kinundu hujengeka kwa miaka. Kama maumivu yako yalianza ghafla, au una homa, au vidole vya mikono navyo vimevimba na kukakamaa asubuhi kama ilivyo kwenye baridi yabisi, nenda ukapimwe kwanza.

Kinatoka wapi?

Kwa sehemu ni urithi. Muangalie mama yako na shangazi zako miguuni, huenda ukaona umbo lako mwenyewe. Wanawake hukipata zaidi kuliko wanaume. Ujauzito nao unachangia kwa njia yake, kwa kuwa kano hulegea, uzito huongezeka na mguu unaweza kupanuka usirudi ulivyokuwa. Kiatu kilichokutosha kabla ya mtoto wa kwanza huenda hakikutoshi baada ya wa tatu, ila hukuwahi kupima.

Viatu hukichochea. Mwaka 1958 ilichapishwa taarifa ya utafiti wa Hong Kong uliolinganisha Wachina waliozoea kuvaa viatu na wasiovaa. Kati ya waliovaa, kama 33 katika kila 100 walikuwa na kidole kilicholala kwa kiwango fulani. Wasiovaa hawakuzidi 2 katika 100. Hao 2 wanatukumbusha urithi upo, lakini tofauti ni kubwa. Kiatu chenye ncha nyembamba kinabana vidole, na mchuchumio unausukuma uzito wote mbele kwenye hiyo ncha.

Pima kiatu chako leo jioni

Chukua kipande cha boksi. Simama juu yake bila kiatu, jioni wakati mguu umevimba kidogo, mwambie mtoto akuchoree mguu kwa kalamu. Fanya miguu yote miwili. Kisha weka kiatu chako cha kila siku juu ya mchoro. Sehemu ya mchoro inayotokeza nje ya kiatu ndiyo inayobanwa siku nzima. Kata mchoro huo, ukunje, uende nao sokoni unapochagua viatu.

Kwenye mitumba, shika kiatu na uangalie ndani. Kiatu kilichotumika kimeshachukua umbo la mguu wa mtu mwingine, na kama soli imelika upande mmoja, kitakulazimisha ukanyage kama yeye. Raba pana yenye kamba ni bora kuliko kiatu cha kuchomeka, maana kamba unailegeza mguu ukivimba. Kandambili hazibani kinundu, ndiyo maana wengi hukimbilia huko, lakini hazishiki mguu. Vidole vinajikunja kuzizuia zisivuke, na ukizivaa kutwa, nyayo na visigino huuma. Sendo pana yenye mkanda nyuma ya kisigino ni afadhali zaidi. Fundi viatu mzuri anaweza kukipanua kiatu cha ngozi pale tu kinundu kinapogusa, kazi ndogo ambayo watu wachache hufikiria kuiomba.

Nyumbani, kata sponji nyembamba kwa umbo la pete, kinundu kikae katikati ya tundu. Ukiiweka juu ya kinundu chenyewe unaongeza unene na kubana zaidi. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 hadi 15 hupunguza joto la jioni. Vidude vya mpira vya kutenganisha vidole vinaweza kukupa nafuu ukiwa umevivaa. Vile vya kufunga usiku vinavyotangazwa mitandaoni kwamba vitanyoosha kidole moja kwa moja, weka pesa yako.

Dawa za maumivu zina mipaka yake. Paracetamol ndiyo ya kuanzia kwa wengi. Diclofenac na ibuprofen, zinazonunuliwa kwa urahisi duka la dawa, zikitumiwa kila siku zinaweza kuumiza tumbo na figo. Mjamzito asizitumie bila kuambiwa na daktari, wala mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo.

Mwenye kisukari afuate njia yake peke yake. Asikwangue ngozi ngumu kwa wembe na asiweke barafu kwenye mguu uliokufa ganzi. Akague kinundu kila siku, na kidonda hata kidogo kiende hospitali siku hiyohiyo.

Bibi na mtoto

Mzee mwenye kidole kilicholala sana huwa na hatari zaidi ya kuanguka, kwa sababu kidole gumba ndicho kinachosaidia kusukuma hatua na kushika mizani. Akisema hataki kwenda msikitini au kanisani, muulize kuhusu miguu kabla ya kusema ni uzee. Mtafutie kiatu kipana chenye soli isiyoteleza, umkate kucha, na uangalie kati ya vidole kama pamechubuka.

Kwa mtoto, kiatu cha shule kinunuliwe akiwepo. Mwache asimame, uone kama kuna nafasi ya upana wa dole lako gumba mbele ya kidole chake kirefu. Mtoto akiwa na kinundu, madaktari kwa kawaida husubiri mifupa imalize kukua kabla ya kufikiria kupasua, kwa sababu kidole kinaweza kulala tena. Lakini apelekwe aonwe.

Upasuaji ni wa nani?

Sababu nzuri ya kupasuliwa ni maumivu yanayokuzuia kufanya kazi na kutembea hata baada ya miezi kadhaa ya viatu vipana na mengine tuliyoyataja, au kidole kulala mpaka kinapanda juu ya kingine na kuchubua ngozi kila mara. Sura ya mguu si sababu ya kutosha. Tunalisema hili wazi kwa sababu wapo wanaopasuliwa mguu usiouma ili wavae viatu vya harusi, kisha wakabaki na mguu ulionyooka unaouma.

Wala hakuna haraka. Kinundu si saratani. Ukisubiri mwaka mmoja ili upange mambo yako, kwa kawaida hupotezi nafasi ya kutibiwa. Kwa hiyo usikope mkopo wa kausha damu kwa ajili ya upasuaji huu.

Kwenye upasuaji, daktari mara nyingi hukata mfupa, akausogeza mahali pake na kuufunga kwa skrubu ndogo au waya. Kukwangua kinundu peke yake kwa kawaida hakutoshi, kwa sababu mfupa umebaki umepinda. Kama kiungo kimelika sana, anaweza kukigandisha moja kwa moja, kisikunjike tena lakini kisiume. Wengi hupata nafuu kubwa. Wengine hupata maambukizi, ganzi pembeni ya kidole, kidole kikavu kisichokunjika, maumivu kuhamia chini ya vidole vingine, au kinundu kurudi baada ya miaka. Na baada ya yote, viatu vyembamba bado si vyako.

Nani atachota maji?

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo. Wiki 2 za kwanza mguu unatakiwa kuwa juu muda mwingi, kuzidi usawa wa moyo. Kwa wiki kama 6 unavaa kiatu maalumu na kukanyaga jinsi utakavyoelekezwa, mara nyingi kwa kisigino, wengine wakifungwa hogo. Kazi ya kusimama kutwa inaweza kuchukua miezi 2 hadi 3 kuirudia. Uvimbe wa jioni unaweza kuendelea miezi 6, wakati mwingine hata mwaka.

Sasa weka hayo kwenye nyumba yako. Bandeji haitakiwi kulowa. Mtaa ambao maji hujaa uani wakati wa masika, Machi hadi Mei, si mahali pazuri pa kuuguza mguu, kwa hiyo kama unaweza kuchagua, omba tarehe ya Juni hadi Septemba. Choo cha kuchuchumaa kitakushinda siku za mwanzo, hivyo fundi akutengenezee kiti chenye tundu kabla hujaenda. Mtoto wa mgongoni atabebwa na nani? Ndoo, je? Nani atasimama gengeni? Ukimtaja dada, mume au binti, kaa naye mkubaliane wiki kwa wiki, kwa sababu "tutasaidiana" huwa inaisha wiki ya pili. Kama miguu yote miwili ina shida, zungumza na daktari kuhusu kuanza na mmoja.

Kama huna jibu la maswali hayo, endelea na kiatu kipana kwanza, uweke akiba kidogo kidogo kwenye kikoba, ulirudie suala hili mwakani.

Pa kuanzia

Anza zahanati au kituo cha afya cha karibu, kisha upate barua ya rufaa. Bima nyingi huitaka. Kwa Kinondoni hospitali ya rufaa ya mkoa ni Mwananyamala, kwa Temeke ni Hospitali ya Temeke. Picha ya eksirei ipigwe ukiwa umesimama, maana ukilala mifupa haionyeshi jinsi inavyoachana ikibeba uzito. Mabingwa wa mifupa wapo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996 na iliyopo Upanga. CCBRT, Msasani, nayo inafahamika kwa huduma za viungo.

Ukionana na daktari muulize utapasuliwa kwa njia gani na kwa nini hiyo, utakanyaga lini, na kama yeye amewahi kuifanya mara nyingi. Uliza gharama zote kwa pamoja, yaani picha, skrubu, kiatu maalumu, kubadilisha bandeji na kliniki za kurudi, kisha ujumlishe nauli ya bajaji kwa sababu daladala la kusimama halitakufaa. Kama una bima, uliza kama inalipia skrubu. Kama huna uwezo, ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ndiyo ya kuiendea, na uiendee kabla ya tarehe ya upasuaji.

Baada ya kupasuliwa, kuna dalili zisizosubiri tarehe ya kliniki: homa, usaha au harufu kwenye bandeji, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, vidole kuwa vya baridi au kubadilika rangi, nyama ya nyuma ya mguu chini ya goti kuvimba na kuuma, au kifua kubana na pumzi kukatika. Rudi hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.